Rimu za inchi 17 zilizouzwa kama "laiti", yaani nyepesi: kisa cha gari ndogo moja ya Pemba

Gari na njia zake

Mwenye kisa ni kijana wa Pemba, jina naliacha, kijiji nakiacha, hata rangi ya gari siitaji maana kule watu wanajuana kwa honi. Tumwite Mwenye Gari, yatosha. Gari yenyewe ni Toyota ndogo ya milango mitano, injini 1300, otomatiki, nati nne kila tairi, zile ambazo ukisimama Chake asubuhi unaziona mpaka unachoka. Ilikuja kutoka Japani na rimu za chuma za inchi 14 zenye vifuniko vya plastiki na tairi 175/65R14, yaani upana milimita 175, ukuta asilimia 65 ya upana huo, rimu inchi 14. Asubuhi inapeleka watoto skuli, mchana inakodiwa, siku ya boti inateremka Mkoani kuchukua watu na mizigo yao, na msimu wa karafuu ukiingia ndo usiseme, inaingia mpaka ndani ya mashamba kutoa magunia.

Sasa lazima uijue Pemba kidogo ndo utaelewa kwanini mambo yalikwenda yalivyokwenda. Unguja ukitoka mjini kwenda Paje njia karibu yote bapa, ukishapata mwendo umepata. Pemba ni kilima bonde kilima bonde, hujamaliza kupanda ushafika kona, unapunguza, unakanyaga mafuta tena, na gari ya 1300 yenye watu wanne ndani kila kilima inakihisi.

Alitaka vitu viwili, gari ipendeze na gari ichangamke. Alishasikia kwa vijana wa mjini kwamba rimu nyepesi zinaifanya gari iwe hai, na hilo si uongo hata kidogo. Ila hakuna aliyemwambia nyepesi kuliko nini.

Alivyonunua

Akaenda Unguja kwa shughuli zake, akapita kwa muuza rimu, akaonyeshwa seti ya inchi 17, spoku sita, rangi ya shaba. Muuzaji akamwambia "kaka hizi laiti hizi, aluminiamu tupu, shika mwenyewe." Akashika moja bila tairi, akaona kweli inanyanyuka. Ukinyanyua rimu tupu kwa mkono wako uliozoea magunia kila kitu ni chepesi bwana, huo si mtihani.

Umbo lile la spoku sita limeigwa sana kutoka rimu za Rays za Japani zinazoitwa TE37, zilizotoka mwaka 1996, na ile 37 kwenye jina inatokana na uzito wa kilo 3.7 wa saizi ya inchi 15 kwa upana wa 6. Zile zinafuliwa, yaani alumini inapigwa kwa nguvu kubwa mpaka inashikana, kwaiyo inatosha kidogo tu kubeba gari. Hizi za kuigiza zinasubiwa, alumini ya moto inamiminwa kwenye kalibu ikapoa, na fundi wa kusubu ili rimu isivunjike inabidi aongeze unene. Umbo ni lile lile, uzito ni mwengine kabisa.

Rimu zilikuwa 17 kwa upana wa 7, ofseti 35 (milimita toka katikati ya upana wa rimu mpaka uso wake wa kufungia, namba ikipungua rimu inatoka nje), matundu ya nati 4x100, yaani manne kwenye duara la milimita 100, ambayo kweli ndo ya gari yake. Akavishwa na tairi 205/40R17, zikapanda boti, zikafungwa Pemba jioni ile ile aliyofika. Picha zikapigwa, na mi nakubali zilipendeza.

Malalamiko yalivyokuja

Kwanza ilikuwa vilima. Gari inaondoka kivivu, giaboksi inashikilia gia ya chini muda mrefu, na ukitoka kwenye kona unakanyaga na kusubiri. Afu ikaja mitetemo kwenye usukani ikifika kama 80, fundi wa mtaani akabalansi, mashine inasoma sifuri, ukirudi barabarani mtetemo upo pale pale, akabalansi tena wapi. Tatu, ikijaa watu na ikapita tuta, nyuma inasikika krrr, tairi inakula madigadi. Na mafuta, alisema yanakwenda sana kuliko zamani.

Fundi alikuwa na dawa ya kila kitu: kukunja ncha ya madigadi kwa ndani, kuweka spesa juu ya springi gari inyanyuke, na kubalansi mara nyingine. Hapo ndo Mwenye Gari akaniletea mimi maneno, akisema "ami, nataka kujua kabla sijakata bodi." Kwa kweli swali hilo ndo liliokoa pesa yake, maana bodi ikishakatwa hairudi.

Kabla hatujakaa vizuri, shimo moja likamaliza mjadala wa rimu ya mbele kushoto. Tairi ya 205/40 ina ukuta wa milimita 82 tu, ya zamani ilikuwa na karibu 114, sasa kwenye shimo lenye ncha ya jiwe la matumbawe zile milimita 32 ndo tofauti ya kusikia kishindo na kupasua rimu. Ukingo wa ndani ulikunjika na ufa ukaonekana. Wakaichomea kwa ageni, ile gesi ya kuchomea alumini, ikashika upepo siku chache ikaanza kuvuja tena. Rimu iliyopasuka ukingo na kuchomewa mi siiruhusu gari ya watoto wa skuli, sikujali nani atanuna.

Mizani

Nyumbani kwao kuna mizani ya kuning'iniza wanayopimia magunia ya karafuu kabla hawajayapeleka kituoni. Tukafungua tairi moja ya 17 ikiwa kamili na upepo wake tukaining'iniza: kilo 18.9. Tukachukua tairi ya zamani ya chuma iliyokuwa stoo, nayo kamili: 13.6. Yule kijana alikaa kimya afu akasema tupime tena, tukapima tena, jibu lile lile.

Yaani rimu "laiti" ya aluminiamu imezidi rimu ya chuma kwa zaidi ya kilo 5 kila kona, kilo 21 gari nzima. Rimu yenyewe bila tairi ilikuwa 10.2, ya chuma 6.9. Watu wengi wanaamini alumini lazima iwe nyepesi kuliko chuma, na kwa ujazo sawa kweli, ila hapa ujazo hauko sawa hata chembe, rimu ya 17 yenye upana wa 7 ina madini mengi mno kuliko ya 14 yenye upana wa 5.5, na tairi yake nayo imepanda.

Kilo 21 zinafanya nini kwani, abiria mmoja mwembamba ana zaidi ya hizo

Swali hili aliliuliza yeye na ni swali zuri. Abiria anakwenda mbele tu. Tairi inakwenda mbele na pia inazunguka, kwaiyo injini inalipa mara mbili, mara ya kuisogeza na mara ya kuizungusha. Uzito ulioko pembeni kabisa ya duara, kama mpira wa tairi na ukingo wa rimu, wakati wa kuongeza mwendo unahesabika karibu mara mbili, ule wa katikati karibu na habu, pale rimu inapofungwa kwenye gari, hauongezi sana. Funga jiwe kwenye kamba uzungushe, afu refusha kamba, mkono wako utakwambia. Kwaiyo kilo zile 21, ambazo nyingi ziko pembeni, kila anapokanyaga mafuta zinakaa kama kilo 35 mpaka 40 za mzigo. Na akikanyaga breki ni deni lile lile linarudi.

Tuwe wakweli lakini, kwenye kilima kirefu unachopanda kwa mwendo mmoja suala la kuzunguka halipo, pale ni uzito wa kawaida tu. Linaumiza pale pa kupunguza na kuongeza, na Pemba ndo hivyo njia nzima.

Kuna mwizi mwengine ambaye hakuonekana kwenye mizani, nae ni kimo cha tairi. 175/65R14 ina kipenyo cha milimita 583, 205/40R17 ina 596, zaidi kwa asilimia 2.2. Tairi kubwa ni sawa na kubadilisha gia ikawa ndefu, nguvu inayofika barabarani inapungua kwa kiasi hicho hicho. Spidomita nayo ikisoma 80 wewe uko karibu 82. Na hapa pana jambo lilinichekesha, ile hesabu yake ya mafuta ilikuwa kweli kiasi na uongo kiasi: tairi ikiwa kubwa kilomita zinazohesabiwa kwenye dashibodi zinapungua, kwaiyo umbali ule ule unaonekana mfupi na mafuta yanaonekana mengi. Asilimia mbili za malalamiko yake zilikuwa za kihesabu tu.

Kukwaruza madigadi ni upana na ofseti. Kutoka 5.5 kwenda 7 ni inchi moja na nusu, milimita 38, nusu yake 19 kila upande. Ofseti ya zamani 45, mpya 35, kwaiyo rimu nzima imesogea nje 10. Jumla nje imetoka 29, ndani imeingia 9. Milimita 29 ni karibu upana wa vidole viwili, gari ikijaa watu na springi zikakaa lazima iguse. Kusogea huko nje pia kunaipa beringi mzigo wa kupinda ambao haukutengenezewa, na usukani unaanza kufuata mashimo.

Mtetemo ndo ulikuwa rahisi kuliko yote. Habu ya Toyota hizi ndogo ina kipenyo cha 54.1, tundu la kati la rimu zile lilikuwa 73.1 ili ziingie gari nyingi. Bila ringi ya kujaza nafasi ile, rimu inashikwa na nati peke yake na ikifungwa kidogo upande inakaa nje ya senta. Mashine ya kubalansi inaibana rimu kwa koni kwenye lile tundu la kati, kule iko senta, ndo maana inasoma sifuri na fundi anaapa kazi yake safi. Kazi yake ilikuwa safi kweli, kosa lilikuwa mahali pengine.

Tulivyochagua

Njia ya kwanza, arudi kwenye chuma cha 14 na yaishe. Ya pili, rimu za alumini za 14 kwa 5.5 zilizotumika Japani, tairi abaki nazo zile zile. Ya tatu, 15 kwa 6.

Mi nilisimama kwenye ya pili na bado nasimama hapo. Rimu nzuri ya 14 ya aina hiyo inacheza kwenye kilo 5 kasoro, ukiweka na tairi ya 6.7 unapata kama 11.6, yaani umeokoa kilo 2 kila kona dhidi ya chuma, ukuta wa tairi umebaki mnene, spidomita haijaguswa. Ukitafuta wepesi peke yake mjadala unaishia hapo. Yeye akasema 14 ni ndogo, gari itaonekana imevaa viatu vya mtoto. Sawa, gari ni yake na anayeipenda ndo anayeiosha, tukaenda 15 ila kwa masharti.

Sharti la kwanza ni uzito. Muuzaji mwengine wa Unguja mwenye mitumba ya Japani alikuwa na seti ya 15x6, ofseti 42, 4x100. Kabla ya senti kutoka, Mwenye Gari akamwomba video ya rimu ikiwa juu ya mizani, namba inaonekana. Wa mwanzo kuulizwa alikataa akaona anasumbuliwa, huyu wa pili akapima, 5.1. Tukaomba na picha za nyuma ya rimu: upana, ofseti, na alama za JWL na VIA zinazowekwa kwenye rimu za Japani zilizopita vipimo vyao. Alama mtu anaweza kuiga, ndo maana mizani ikaja mwanzo na alama baadae. Na video ya rimu ikizungushwa, kuangalia kama ukingo umenyooka.

Hesabu ya nafasi: upana umeongezeka nusu inchi, 6.35 kila upande, ofseti imetoka 45 kuja 42, kwaiyo nje inatoka milimita 9 na ndani inaingia 3 na kitu. Hiyo haigusi kitu.

Tairi ndo lilitusumbua. Inayolingana vizuri ni 185/55R15, kipenyo 584.5, karibu sawa na ya kiwandani, lakini kuipata mpya visiwani wakati ule ilikuwa kazi. 185/60R15 ilikuwepo ila kipenyo 603, asilimia 3.4 juu, tungerudi kwenye ugonjwa wa kwanza. Tukachukua 195/50R15, kipenyo 576, pungufu kwa asilimia 1.2, gari inashuka chini milimita 3 na nusu tu. Namba ya mzigo ni 82, kilo 475 kwa tairi, sawa na ile ya 175/65R14 ya kwake, kwaiyo upepo tukaanzia na ule ulioandikwa kwenye bango la mlango wa dereva. Watu wanasahau namba hii kabisa, wananunua tairi kwa upana na sura. Tukaangalia na tarehe, zile namba nne ubavuni, mbili za wiki na mbili za mwaka, maana tairi iliyokaa dukani miaka juani haina faida hata ikiwa na meno yote.

Kufunga

Hapa nitapita haraka. Ringi za habu za 73.1 kwa 54.1 zikawekwa. Nati zikabadilishwa zikawa za koni zinazokaa vizuri kwenye rimu ile, uzi wa M12x1.5 kama kawaida ya Toyota. Habu ikasuguliwa kutu kwa brashi, gari ikiwa juu nati zikashikishwa kwa mkono kwa msalaba, ikashuka, zikakazwa kwa spana ya kupimia mpaka 103 Nm, na baada ya kwenda na kurudi Wete zikakazwa upya. Grisi kidogo sana kwenye kituta cha katikati cha habu, siyo kwenye stadi zinazoshika nati, kwa ajili ya hewa ya bahari: alumini na chuma vikikaa pamoja kwenye chumvi vinashikana mpaka uvipige nyundo.

Spesa za springi na kukata madigadi hatukugusa. Gari ya kazi ukishaanza kuinyanyua ili ifuate rimu, unafukuzana na alaimenti na bolujoint mpaka basi.

Ilivyokuwa baada ya hapo

Tairi kamili ya 15 ilipima 12.7. Dhidi ya zile 17 gari imepungua karibu kilo 25, na kule kuzubaa kwenye kona kukaondoka siku ile ile, alinipigia simu akiwa bado njiani, nikamwambia kwanza simama. Mtetemo hakuna, krrr hakuna hata ikijaa. Mafuta anasema yamepungua, na mi nilimkumbusha kwamba sasa tairi ni dogo kidogo, dashibodi inahesabu kilomita zaidi ya ilizokwenda, kwaiyo asijisifu sana.

Ila dhidi ya chuma cha zamani? 13.6 kwa 12.7. Gramu 900 kila kona. Rimu peke yake ilikuwa imeokoa kilo 1.8, tairi pana ikairudisha nusu. Kwaiyo pesa zote zile, ukiziangalia kwa upande wa wepesi tu, zimempa kidogo sana juu ya kile alichokuwa nacho stoo. Kilichobaki amenunua sura, na kona zimekuwa imara zaidi kwa sababu ya ukuta mfupi na upana, hilo nalo ni kweli.

Msimu wa karafuu ulipofika alifanya jambo ambalo sikumfundisha mimi, akazitoa 15 akazirudisha zile za chuma. Njia za mashambani chuma kikikunjika unakigonga kinarudi, alumini inapasuka. Na ukuta wa 114 unameza jiwe ambalo wa 97 utalipeleka kwenye rimu.

Nionavyo

Kilichoharibu mwanzo si rimu za kuigiza kwa sababu ni za kuigiza. Hata za bei kubwa za 17 kwa 7, zikivishwa 205/40, zingetatizika kuishinda seti ya 14 ya chuma kwa gari ile. Tatizo lilikuwa kuchagua saizi kwanza na kuuliza uzito baadae, wakati saizi ndo inaamua uzito kwa sehemu kubwa. Mwenye kutaka gari ichangamke aanze na rimu ndogo kabisa inayopita kwenye kalipa ya breki bila kugusa, aende juu kwa sababu nyengine kama anazo.

Pili, uzito wa rimu bila tairi ni nusu ya habari. Wauzaji wanataja wa rimu, na sisi tunabishana kuhusu rimu, afu tunavisha tairi lolote lililopo dukani. Kwenye kisa hiki tairi lilikuwa zito kuliko rimu kwenye seti moja kati ya tatu ukiangalia namba vizuri: 7.6 kwa 5.1 kwenye 15, na kwenye 14 za chuma zinakaribia kulingana, rimu 6.9 na tairi 6.7, rimu imezidi kidogo. Ila hiyo moja ndo ile nyepesi, na maana yake ni kwamba ukishaipunguza rimu, kilo zinazobaki za kuhangaika nazo ziko kwenye mpira.

Kilichofaa ni video ya mizani. Haina gharama, haihitaji kumjua mtu, na muuzaji anayekataa kupima amekujibu tayari. Ringi za habu nazo, vitu vya bei ndogo kabisa kwenye orodha yote na ndo vilimaliza ugonjwa uliokula pesa ya kubalansi wiki nzima.

Jambo moja halijaisha. Zile 17 tatu nzima na moja ya kuchomewa bado ziko, na ashapata mtu anazitaka zote nne kwa gari ya nati nne kama yake. Nimemwambia auze tatu na ile ya ufa aikate kwa grainda kabla haijatoka nyumbani. Mnunuzi anasema bila ya nne hachukui, na hapo ndo walipofikia mpaka saivi.